Unga wa Misuli na Vidonge vya Kunenepa

Leo tunasema na vijana wa Bunia, kuanzia Mudzipela hadi Nyakasanza, wanaonyanyua vyuma.

Unga wa protini husaidia misuli kujijenga baada ya mazoezi, lakini kazi hiyohiyo hufanywa na maharagwe, mayai na samaki wa Ziwa Albert. Unga mwingine, kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, huongeza nguvu kwa mtu mzima mwenye afya. Mgonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Kinachotutia hofu ni vidonge vya deksametazoni na siproheptadini, vinavyomezwa bila karatasi ya daktari ili mtu anenepe. Ndugu zetu, hiyo si misuli! Deksametazoni huvimbisha uso huku mapaja yakiisha nguvu. Sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika. Siproheptadini huleta usingizi, na wewe unaendesha pikipiki.

Kama umemeza deksametazoni kwa majuma mengi, usiache ghafla: huenda mwili umeacha kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo, na presha inaweza kushuka hadi ukazimia. Nenda kituo cha afya leo, na ubebe pakiti yenyewe mkononi.