KUJIFUNZA KUTENGENEZA TOVUTI: TUANZIE WAPI?



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kutengeneza tovuti na programu za kompyuta, kazi ambayo mnasikia kwamba ina soko. Soko lipo. Lakini tangu asubuhi wazazi watatu wameniuliza kama inafaa kulipia kozi ya wiki sita ambayo mwenye kuiuza anaahidi ajira mwishoni. Jibu langu ni kwamba fedha hiyo ikae kwanza. Hakuna awezaye kuahidi ajira asiyoitoa yeye, na mambo ya mwanzo ya kazi hii hayahitaji kununuliwa.

Mtandao wa tovuti ulibuniwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu mzima uutumie bila malipo.

Anzeni na HTML, yaani alama zinazoiambia kompyuta kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya, kipi ni picha. Hapa hata intaneti haihitajiki. Fungua programu ya kuandikia maandishi matupu, andika, hifadhi faili kwa jina linaloishia na .html, kisha ifungue kwa kivinjari. Umeme ukiwapo, kompyuta kuukuu yatosha. Baadaye ije CSS, inayopanga rangi na nafasi, halafu JavaScript, iliyoanza mwaka 1995, ambayo huuwezesha ukurasa kutenda: kujumlisha hesabu, kukagua fomu iliyojazwa. Msiruke hatua.

Katika utumishi wangu nimekaa mara kadhaa kwenye jopo la usaili. Waombaji huja na vyeti vya lugha nne au tano za programu. Swali linalowashinda wengi ni hili: mtu akiandika anwani ya tovuti, kunatokea nini kabla ukurasa haujaonekana? Kwanza jina hutafutiwa namba yake. Kivinjari hupeleka ombi kwa seva yenye namba hiyo. Seva hujibu, na jibu huja na tarakimu zake, 200 ikiwa mambo ni sawa, 404 ikiwa kilichoombwa hakikupatikana. Anayeyajua hayo tunaweza kumfundisha mengine yote. Na ujuzi tunaouhitaji kila siku ofisini kwetu ni SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, iliyozaliwa katika miaka ya 1970. Lugha hiyo imenizidi umri!

Mtaniambia kwamba siku hizi akili mnemba huandika programu yenyewe. Ni kweli, tena kwa haraka. Lakini hukosea pia, na asiyeweza kusoma kilichoandikwa hatajua kosa liko wapi.

Nimeambiwa kwamba daftari la kuazimia vitabu katika maktaba yetu bado ni la karatasi, na kila mwisho wa muhula kuna vitabu visivyojulikana viko kwa nani. Hiyo ndiyo kazi ya kuanzia. Mwalimu Mkuu ameturuhusu chumba cha kompyuta baada ya chakula cha mchana. Nitakuwa humo mpaka saa kumi na moja. Njoni na kalamu, maana tutaanza kwa kuchora kwenye karatasi.