Meli Iliyopita Nchi Kavu
Mhadhara wa umma, Mambasa



Nani hapa Mambasa hajawahi kuona lori limezama kwenye tope la barabara ya taifa namba 4, vijana wakishusha mzigo gunia kwa gunia ili gari lipate kutoka? Naomba mkae na picha hiyo mnaponisikiliza. Somo langu ni uundaji wa meli za serikali za kikoloni enzi za vita viwili vya dunia, na hoja yangu ni kwamba meli hizo zilichorwa na umbali kabla ya kuchorwa na maji.

Tuanze baharini. Miaka ya 1930 Ufaransa iliunda meli nane za doria za aina ya Bougainville kwa ajili ya makoloni yake. Kila moja ilikuwa na tani karibu 2,000 na mizinga mitatu ya milimita 138. Mwendo wake, noti 15 hivi, ulikuwa mdogo kwa meli ya kivita. Wahandisi waliacha mbio wakachagua dizeli, inayotumia mafuta kidogo, kwa kuwa meli ingekaa muda mrefu mbali na karakana. Moja iliitwa Savorgnan de Brazza, jina mnalolifahamu kwa mji ulio ng'ambo ya Kinshasa.

Maziwa yetu yaliuliza swali gumu zaidi, maana meli kubwa haiwezi kupanda kutoka baharini hadi Ziwa Tanganyika. Kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda Graf von Götzen mwaka 1913, meli ya mita 71 hivi. Kiliiunganisha, kikaifungua tena, kikaipanga katika masanduku karibu 5,000. Yalifika Dar es Salaam kwa bahari, yakapelekwa Kigoma kwa reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Huko ikaunganishwa upya, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Wanafunzi, fikirini mzigo wa mchoraji. Kipande kisichopakika kwenye behewa ni kosa, hata kiwe imara namna gani. Kila tundu la ribiti lazima likutane na mwenzake baada ya safari ndefu ya bahari na reli. Sanduku moja likipotea bandarini, mafundi wa Kigoma wanakaa bure.

Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, mafundi walizipaka injini grisi nzito, kisha wakaizamisha meli. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 wakakuta mitambo bado inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ile nayo ni uhandisi: aliyeipaka alikuwa akimfikiria fundi atakayekuja baada yake.

Ziwa Albert, tunaloshukia Kasenyi, lina kisa chake. Maporomoko ya Murchison yanaikata njia ya Nile. Kwa hiyo meli iitwayo Robert Coryndon, iliyoundwa na kiwanda cha Thornycroft cha Uingereza, ililetwa vipande vipande na kuunganishwa Butiaba, upande wa Uganda, mwaka 1930.

Vitabu vimehifadhi majina ya viwanda na ya magavana. Wapagazi na vibarua walioinua chuma kile kwa mabega hawakuandikwa, ingawa bila wao mchoro ungebaki karatasi. Jambo hilo linaniuma, nami nawaomba mlirekebishe.

Kesho mtachora daraja, jenereta au pampu ya maji kwa ajili ya Mambasa. Kabla ya kushika kalamu, tokeni na futi ya kupimia. Pimeni vivuko, ulizeni uzito ambao madaraja ya mbao yanastahimili, hesabuni mikono itakayoshusha mzigo. Kisha kazi ikiisha, andikeni majina ya wenye mikono hiyo.