Mcheza kwao hutunzwa, lakini hadi lini?

Katika jiji la Paris kuna wafanyakazi wa shirika moja la umma ambao hustaafu wakiwa na umri wa miaka 42 na kuanza kulipwa pensheni. Usidhani ni wanajeshi au wachimba migodi. Ni wacheza dansi. Wako 154, wanaume kwa wanawake, na kazi yao ni ile dansi ya Kizungu iitwayo bale, ambayo wanawake huicheza wakiwa wamesimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Moja ya majumba yao ya kuchezea ni jumba la Opera la Garnier, ambalo mwaka 2025 lilitimiza miaka 150.

Nilipita Paris nikitoka kwenye semina ya watangazaji, nikawa na jioni moja isiyo na kazi. Mwenyeji wangu akaniuliza ningependa kuona nini. Nikamwambia, kama ni ule mnara nimeshauona sana kwenye kalenda, wewe nipeleke kwenye bale. Alicheka, lakini akanisaidia kupata tiketi. Tiketi za jumba lile hazina bei moja. Wanaokaa chini, mbele ya jukwaa, hulipa pesa ambazo kwetu ni mshahara wa mwezi kwa watu wengi. Wanaokaa juu kabisa, pembeni, hulipa kidogo, ila wanaona nusu ya jukwaa na nusu nyingine wanaikisia. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wanaokisia.

Jumba lenyewe asili yake ni mabomu. Tarehe 14 Januari, 1858, Kaizari Napoleon wa Tatu alikuwa akiwasili kwenye opera ya zamani, iliyokuwa katika mtaa wa Le Peletier, ndipo Mtaliano mmoja aitwaye Felice Orsini na wenzake wakautupia mabomu msafara wake. Kaizari alipona. Watu wanane walikufa na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Baada ya mkasa huo likatakiwa jumba jipya, mahali palipo wazi, lenye mlango wa kaizari peke yake ambao gari lake la farasi lingeweza kuupanda mpaka ndani. Mwaka 1861 yakafanyika mashindano ya wasanifu wa majengo, wakajitokeza 171, akashinda kijana wa miaka 35 ambaye hakuwa na jina kubwa, Charles Garnier. Walipochimba msingi wakakutana na maji, pampu zikavuta usiku na mchana kwa miezi, hatimaye likajengwa tangi kubwa chini ya jumba, nalo liko hadi leo. Mwaka 1870 ikaja vita na Prussia, kaizari akaanguka, akafia Uingereza mwaka 1873. Mlango aliojengewa hakuutumia hata siku moja. Jumba lilifunguliwa tarehe 5 Januari, 1875, na inasimuliwa kuwa Garnier mwenyewe, aliyelihangaikia kwa zaidi ya miaka kumi, siku hiyo alilazimika kulipia kiti chake.

Ukiingia unapokewa na ngazi za marumaru pana kama barabara, dhahabu juu ya dhahabu, sanamu kila kona. Ukumbini inaning'inia taa ya shaba na vioo yenye uzito wa tani saba hivi. Juu yake kuna dari iliyochorwa na Marc Chagall mwaka 1964, ya rangi za kuwaka ambazo wazee wa mji wakati ule waliona hazifanani kabisa na jumba. Sisi wa tiketi za bei ya chini tulikuwa na faida hiyo: dari ilikuwa karibu yetu kuliko jukwaa.

Usiku ule ilichezwa Giselle. Ni bale iliyochezwa kwa mara ya kwanza Paris, mwaka 1841, muziki wake ukitungwa na Adolphe Adam. Hakuna neno linalosemwa wala kuimbwa, lakini hadithi yake kwetu haihitaji mkalimani. Msichana wa kijijini anapenda sana kucheza ingawa moyo wake ni mgonjwa na mama yake anamkanya. Anampenda kijana anayejifanya mkulima, kumbe ni mtoto wa mabwana na ana mchumba wa hadhi yake. Siku siri inapofichuka, msichana anarukwa na akili mbele ya kijiji kizima, anacheza kama aliyepagawa, kisha anaanguka na kufa. Sehemu ya pili iko makaburini, usiku wa manane. Wanatoka wasichana weupe kama ukungu, mizimu ya waliosalitiwa wakafa kabla ya kuolewa, na mwanamume yeyote wanayemkuta humchezesha mpaka roho imtoke. Yule mdanganyifu anakuja kuweka maua kaburini, wanamzingira. Anayemkinga mpaka alfajiri ni yule yule msichana aliyemuua kwa uongo. Watu wa pwani wanaojua ngoma za pepo wangeielewa bale hii kabla ya Mzungu aliyekuwa pembeni yangu, ambaye muda wote alikuwa akisoma kijitabu.

Sasa nikuambie kile ambacho kiti cha pembeni kiliniwezesha kuona. Kwa kuwa nilikuwa naangalia jukwaa kwa upande, macho yangu yalipenya mpaka nyuma ya mapazia ya upande wa pili, mahali ambapo mchezaji hutokea na kurudia. Mbele ya watu, mchezaji anaelea kama unyoya. Uso una tabasamu, mikono imelegea, ungeapa kuwa hana mifupa. Akivuka tu lile pazia anainama, anashika magoti, mbavu zinapanda na kushuka kama za mtu aliyekimbia kutoka Ubungo mpaka Posta. Mwingine alikuwa akijinyoosha misuli. Baada ya nusu dakika anajifuta jasho, anarudi, na tabasamu linarudi naye. Waliokaa kwenye viti vya bei mbaya hawakuliona hilo, na ndivyo inavyotakiwa: kazi nzima ni kuificha kazi.

Na kazi hiyo ina gharama. Wanaanza wakiwa watoto, katika shule ya dansi iliyoanzishwa mwaka 1713. Viatu vile vya kusimamia vidole, jozi moja inaweza kuisha usiku mmoja. Jukwaa la Garnier haliko sawa, linateremka kuelekea kwa watazamaji, kiasi cha sentimita tano kwa kila mita moja, na juu ya mteremko huo mtu anaruka na kutua mara mia. Vifundo vya miguu, magoti, nyonga na mgongo vinalipa. Enzi za taa za gesi ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1862, katika opera ya zamani, mchezaji hodari aitwaye Emma Livry alishika moto jukwaani wakati wa mazoezi, sketi yake ilipogusa mwali wa taa. Palikuwa na dawa ya kuzuia nguo isiwake, lakini ilikuwa ikikakamaza kitambaa na kukifanya kisipendeze, naye alikuwa ameikataa. Aliteseka miezi minane, akafariki mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 20.

Tena wengi wa wasichana wale hawakuwa wa nyumba bora. Walikuwa watoto wa madobi na mafundi, wakiitwa panya wadogo wa Opera. Garnier alijenga nyuma ya jukwaa chumba cha fahari chenye vioo, na matajiri walionunua viti kwa mwaka mzima waliruhusiwa kuingia humo kuwatazama wasichana kwa karibu na kuwachagua. Kina mama walijua, viongozi walijua. Mchoraji Edgar Degas, ambaye picha zake za wacheza bale leo zinauzwa kwa mamilioni, mara nyingi alichora na wanaume hao, wamevaa kofia nyeusi, wamesimama pembeni kama wanunuzi mnadani. Mmoja wa wasichana aliowachora ni Marie van Goethem, mtoto wa dobi. Degas alimfinyanga kwa nta, akaionyesha sanamu hiyo mwaka 1881. Mwaka 1882 Marie aliachishwa kazi kwa utoro, na maisha yake baada ya hapo hayajulikani. Nakala za shaba za sanamu yake ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Nasimulia haya ili usije ukadhani kwamba Wafaransa walizaliwa wakiwaheshimu wacheza dansi. Lakini kitu kimoja walikifanya mapema. Mfalme Louis wa Kumi na Nne, ambaye ujanani alikuwa akicheza bale mwenyewe mbele ya watu, aliwawekea wasanii wa Opera mfuko wa pensheni mwaka 1698. Najua yupo atakayesema, aa, hao ni matajiri. Msikilizaji, mwaka 1698 Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita ya miaka tisa, na njaa ya mwaka 1693 na 1694 ilikuwa imeua watu wengi mno. Hapakuwa na utajiri wa kuchezea. Palikuwa na mtu mkubwa aliyejua kwa magoti yake mwenyewe dansi inafanya nini mwilini.

Mfuko huo umedumu, ukipita mapinduzi, makaizari na vita kuu mbili. Mwaka 2019 serikali ilitaka kuunganisha mifuko yote ya pensheni nchini iwe mfumo mmoja, na ule wa Opera ungekwenda na maji. Wachezaji wakagoma kuanzia Desemba 5. Maonyesho yakafutwa moja baada ya jingine, hasara ikahesabiwa kwa mamilioni ya euro. Serikali ikaja na maneno matamu: ninyi mlioajiriwa tayari hamtaguswa, mfumo mpya utawahusu watakaoajiriwa kuanzia mwaka 2022. Wakakataa. Walisema hawawezi kuokoa miguu yao kwa kuwauza wadogo zao ambao bado wako shuleni. Tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, wapatao arobaini walitoka nje na mavazi yao meupe, wakacheza sehemu ya Ziwa la Mabata Maji ya Tchaikovsky mbele ya mlango mkuu wa Garnier, katika baridi, wanamuziki wenzao wakiwapigia, na mabango ya mgomo yakining'inia nyuma yao. Mpango ule wa serikali uliwekwa kando wakati wa uviko mwaka 2020. Yalipokuja mabadiliko mengine ya pensheni mwaka 2023, mifuko kadhaa ilifungwa, lakini wa Opera uliachwa.

Mwaka huo huo wa 2020 wachezaji wenye asili ya Afrika waliandika kuutaka uongozi uwape, pamoja na mambo mengine, soksi, viatu na vipodozi vya rangi ya ngozi yao. Kwa asiyefikiri linaonekana jambo dogo. Kwangu mimi hilo ni dai la vitendea kazi, kama seremala anayedai randa. Machi 2023, baada ya onyesho la Giselle mjini Seoul, kijana Guillaume Diop, ambaye baba yake ni Msenegali, alitangazwa kuwa nyota, daraja la juu kabisa la kampuni hiyo. Ni mchezaji mweusi wa kwanza kulifikia.

Huku kwetu tunao msemo, mcheza kwao hutunzwa. Na kweli tunatunza. Mwanamke akinengua vizuri, noti zinabandikwa usoni, wengine wanajipanga foleni kumtunza ili waonekane. Usiku ule ule. Lakini kutunza kwa maana ile nyingine, ya kumlea mtu nguvu zikishaisha, hapo msemo wetu unanyamaza. Tanzania iliwahi kuwa na Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kilichoundwa miaka ya 1960, na wachezaji wake walikuwa waajiriwa. Kikavunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho kimefundisha wengi na kinafundisha mpaka leo kikiwa taasisi. Anayehitimu anakwenda wapi? Anakwenda kwenye bendi, kwenye hoteli za watalii, kwenye sherehe za kupokea wageni wa heshima uwanja wa ndege, ambako anacheza juani saa tatu na kupewa soda. Mkataba hana, michango ya mfuko wa jamii hakuna anayempelekea. Akifika miaka thelathini na mbili anaambiwa amezeeka, apishe wadogo. Sidai tuwastaafishe wote kwa pensheni ya mfalme. Lakini mwenye bendi anayelipa leseni, kodi ya ukumbi na fundi wa mitambo, kwa nini mnenguaji awe ndiye pekee asiye na karatasi?

Niliporudi nilimsimulia safari hii mama mmoja wa Kinondoni, mnenguaji wa zamani ambaye siku hizi anakaanga mihogo jioni. Nilianza na ile taa ya tani saba, nikaona hana habari nayo. Nilipofika kwenye pensheni akaacha kugeuza mihogo.

"Kaka, na akivunjika mguu ana miaka ishirini na tano, kabla hajaifikia hiyo arobaini na mbili, wanamfanyaje?"

Nikamweleza kuwa kule kuumia jukwaani huhesabiwa ni ajali kazini, sawa na ya mtu wa kiwandani. Anatibiwa, na sehemu ya mshahara inaendelea kuingia mpaka apone.

Akachomoa kipande kimoja kwenye mafuta, akakitazama, akakirudisha. Akasema, "Mimi goti lilipotoka, bendi ilinipa nauli ya daladala."