Mtoto Anapozinduka Kutoka Nusukaputi

Mazungumzo yetu na vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe



Mama mmoja wa Likoni alipeleka mwanawe wa miaka 3 kupasuliwa ngiri. Kazi ikaisha salama. Kuitwa amwone, akamkuta anapiga mayowe, anarusha mateke, anataka kung'oa dripu. Akamwita jina, mtoto akamtazama kama hamjui. Maneno yakaanza: "Amepagawa huyo!" "Wamemharibu kichwa!" Mama akavuka feri kurudi nyumbani ameapa hapasuliwi tena, na upande wa pili wa ngiri ulikuwa bado unangoja.

Ndugu zetu, hilo si pepo wala si wazimu. Ni dawa ya usingizi inamtoka: mwili umeamka, fahamu bado. Madaktari wanaijua hali hii tangu miaka ya 1960. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, hasa waliolazwa kwa dawa ya kuvuta inayotoka upesi, na walioingia na hofu nyingi. Kwa kawaida huisha yenyewe kwa robo saa au nusu saa, na mtoto hakumbuki kitu.

Basi tufanyeje?

Kabla ya kwenda, mwambie mtoto ukweli kwa maneno machache. Usimdanganye kwamba mnakwenda matembezi.

Akizinduka na fujo, usimpige, usimtikise, usimfokee. Omba uruhusiwe kukaa naye. Mzuie kwa upole asianguke wala asing'oe dripu. Sema naye polepole, kwa lugha ya nyumbani. Usimpe maji wala chakula mpaka nesi akubali, asije akapaliwa.

Nesi aambiwe kila mara, kwa kuwa maumivu au kukosa hewa pia humfanya mtoto ahangaike hivyo, na yeye ndiye wa kupima. Midomo ikibadilika rangi, akipumua kwa shida, au damu ikitoka, ita msaada papo hapo.

Yule mama tulikaa naye, tukamweleza, akarudi hospitali. Safari ya pili mtoto alilia vilevile, lakini mama alijua la kufanya.

Kila kikundi kimtafute mzazi anayengoja siku ya upasuaji, kimweleze haya. Tumwombee mtoto, ndiyo, na mkono wetu uwe umemshika.