Chukudu ya kijana: nunua ile anaweza kusimamisha

Maneno tuliyotoa kwa mkutano wa ushirika wetu, hapa Kingi. Tumeyaandika tena juu ya wale ambao siku ile walikuwa shambani.



Tangu mkutano uliopita, watu wengi wametuuliza swali moja. Mama mmoja alilisema wazi kupita wengine: "Mutoto wangu iko na miaka kumi na ine. Kila siku ananililia chukudu. Rafiki yake iko na kinga, anarukaruka nayo kwa ile vilima ya udongo. Miye niko na pesa kidogo tu. Ninunue nini?"

Tulimwambia angojee, tutajibu mbele ya wote. Na kabla ya kujibu, tunapashwa kusema kosa letu, juu jibu letu linatoka mle.

Mnakumbuka namna tulivyorudi. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zikaisha, kila mtu akabeba shitingi yake na masufuria akapanda huku. Tukakuta nyumba bila milango, mashamba yamekuwa pori. Wakati ushirika ulipopata pesa kidogo za kusaidia jamaa zianze tena kazi, sisi tuliokuwa tunatoa mashauri tulisema hivi: "Chukudu kubwa inabeba mingi, basi italeta mingi." Tulikuwa na kalamu na daftari, tukapiga hesabu ya magunia. Fre hatukuihesabu.

Jamaa moja ilitusikiliza. Walichukua zile pesa, wakaongeza deni, wakanunua chukudu ndefu ya mita mbili, sawa ile ya watu wazima wa njia ya Goma. Wakampa kijana wao wa miaka 15. Kupanda bila mzigo, hakuna matata. Siku moja akashuka na magunia matatu ya viazi, mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Kwa mteremko akakanyaga fre, mpira umelowa, unateleza. Mzigo ukamshinda nguvu. Akaruka pembeni, chukudu ikaenda yenyewe mpaka kwa mtaro. Tunamshukuru Mungu hakukuwa mama na mtoto mgongoni mbele yake. Kijana alivunjika mkono.

Mkono ulipona. Lakini deni lilibaki, na chukudu ilihitaji kutengenezwa. Baba akamwambia mtoto aache masomo kwanza, alipe. "Kwanza" ile ingali inaendelea mpaka leo. Hatutaji jina lake, yeye mwenyewe aliturudishia ruhusa ya kusema habari tu. Kosa lilikuwa la mashauri yetu.

Sasa tujibu.

La kwanza: uliza ni ya kufanya kazi gani

Kijana akisema "nataka", muulize: unataka kuchota maji na kubeba kuni za nyumbani? Unataka kwenda masomo mbali? Ao unataka kucheza, kuruka? Zote tatu ni haki yake, lakini chombo hakiko kimoja.

Ikiwa ni maji, kuni, na gunia moja la viazi siku ya soko, chukudu inafaa. Hamna haja tuwafundishe chukudu. Wazee wanasema ilianza kuonekana huku kwetu kwa miaka ya 1970, wakati gari zilikuwa shida, na tangu pale haijatuacha. Wale mliokaa Goma mliona ile sanamu ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa pale rompwe mwaka 2009. Hakuna chombo kingine cha hapa kwetu kimejengewa sanamu. Kijana akisukuma chukudu asione haya.

Ikiwa ni masomo ya mbali na njia si mawe matupu, kinga ni bora. Chukudu inachokesha goti na mguu kwa njia ya kupanda.

Ikiwa ni kuruka kwa vilima vya udongo, chukudu hapana. Ni mbao. Inavumilia uzito ukiwa unatulia juu yake, lakini ikianguka toka juu, ule mti wa mbele unaoshika gurudumu unapasuka, na kifua cha mtoto kiko pale pale juu ya mikono yake. Kwa kuruka, tafuta kinga. Tutairudilia.

La pili: kuchagua chukudu

Mara mingi tunaenda kwa fundi, tunaangalia urefu na rangi. Tufanye hivi.

Tazama mbao. Ubao wa kukanyagia mara mingi ni wa mkalitusi. Uwe umekauka. Mti mbichi ni wa bei ndogo na unapendeza macho, lakini ukikauka kwa jua unapinda, na misumari inalegea. Pigapiga na kidole: ubao mkavu unalia, ubao mbichi unanyamaza. Ubao ambao una kifundo cha tawi karibu na shingo ya mbele, uuache.

Tazama shingo, pale mti wa mikono unapozunguka. Pale panapashwa kuwa na buloni ya chuma na mviringo wake, kisha pakazwe vizuri. Ukikuta misumari mitupu pale, hata kama fundi ni shemeji yako, rudi nyumbani na pesa zako.

Inua mbele, uzungushe gurudumu. Magurudumu mazuri yanachongwa kwa mti mgumu kama mumba. Likizunguka, lisicheze kushoto na kuume. Weka sikio kwa rulema, ile duara ya chuma yenye vigololi ndani. Ikisikika kama inasaga mchanga, itakufa karibuni, na utainunua wewe. Tazama tena ule mpira wa pine uliopigiliwa juu ya gurudumu: vichwa vya misumari viwe vimeingia ndani, siyo vimetokeza.

Kisha fre. Wengi tunafanya kama fre ni urembo. Ni kile kipande cha pine ya zamani nyuma, ambacho mtoto anakanyaga kigusane na gurudumu. Kiwe kinene, kipana kama gurudumu, na kishikwe na buloni mbili. Mguu wa kijana ukifike bila yeye kuacha mikono.

Mwisho, kimo. Kijana asimame pembeni ya chukudu. Mikono yake ikipita kifua cha mtoto, ni kubwa. Mtasema, "Atakomaa nayo." Ndugu, kanzu ya kanisa mtoto anaweza kukomaa nayo. Chukudu inashuka mlima leo.

La tatu: jaribio la mteremko

Kabla ya kulipa, mwombe fundi ruhusa. Fundi anayejua kazi yake hatakataa. Tafuta mteremko mfupi ambao chini yake kuna majani. Chora mstari kwa udongo. Kijana ashuke bila mzigo, polepole, afunge fre kwa mstari. Akisimama karibu, vizuri. Kisha weka gunia moja, lifungwe chini na katikati, siyo juu na nyuma. Ashuke tena. Mwishowe, mwagieni gurudumu la nyuma maji, arudilie. Hapo njo mtaona ukweli, juu huku kwetu mvua haiombi ruhusa.

Kipimo cha mzigo hakihitaji mizani. Kijana asimame chini pembeni ya chukudu yenye mzigo, kwa mteremko, na aishike isiende. Ule mzigo anaoweza kuushika hivyo mwenyewe, njo mzigo wake. Ukimvuta, punguza. Chukudu kubwa inaweza kubeba kilo 400 na zaidi, lakini ni kwa mtu mzima aliyezoea, na mara mingi kuko mwenzake wa kusukuma. Kwa mteremko mkali wa kwenda Sake, kijana ashuke chini, atembee pembeni akiirudisha nyuma. Atachelewa kidogo kufika soko. Achelewe.

La ine: kinga ya kuruka

Sasa ninyi vijana, msidhani tumewasahau. Kuruka siyo dhambi. Miaka mingi mmechezea kati ya hema na hema. Kama leo mnapata udongo wenu wa kuchezea, sisi tunafurahi.

Kama pesa ni kidogo, kinga ya zamani iliyo nzima inapita kinga mpya ya bei ndogo. Zile mpya zinazong'aa, zenye resoro mbele na nyuma, zinadanganya. Resoro ya bei ndogo inaongeza uzito, haiongezi nguvu, na ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika. Tafuta kinga ya mlima ya zamani, kadre ya chuma, pine pana. Kiti kishushwe chini kabisa. Vitesi vingi havina kazi: mnyororo mmoja unaokazwa vizuri unatosha, na hautoki wakati wa kutua.

Tazama kadre pale chini ya gido, kwa maungio. Ukiona rangi imepasuka kama nywele, ama kutu inatoka kwa mstari, ni chuma kimeanza kufunguka. Ukiona pamepigwa sudere kisha pamepakwa rangi mpya, uliza kwa nini. Zungusha magurudumu, gusa spoku moja moja; iliyolegea inalegeza wenzake. Fre moja ya nyuma inayoshika kweli ni bora kuliko mbili za kujionyesha. Ile pesa ya kununua resoro, inunue kofia ngumu. Hata ya motari ya zamani, kama haijapasuka na inakaa vizuri kwa kichwa.

Na tunasema hili tukiwa wote tumenyamaza: pahali pa kuruka. Msichukue udongo wa mahandaki. Msiruke kwa tuta lolote ambalo askari walikaa, wala kwa pori ambalo hakuna mtu amelima tangu turudi. Kuko mabomu ambayo hayakupasuka, na hayajui kama vita imepita. Ukiona chuma usichokijua, usiguse, usitupie jiwe. Rudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, umwambie mtu mzima. Tutatafuta pamoja na wenye mashamba pahali panapolimwa kila mwaka, muweke vilima vyenu pale.

La tano: pesa

Pesa ulizo nazo zigawe mafungu tano. Fungu ine ni za kununua. Fungu la tano usiliguse: ni la fre, rulema na misumari ya miezi ya kwanza. Kama uko na dola 50, wewe unanunua chukudu ya dola 40, hata kama ile ya 50 inakuita kwa jina. Chukudu bila fungu la tano inakuwa kuni mapema.

Na msinunue kwa deni ambalo mtoto njo atalipa. Masomo ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, lakini kijana wa miaka 14 yuko sekondari, na kule minervali ingali inalipwa. Tunajua namna wazazi wanavyowaza: chukudu italipa minervali. Inaweza kusaidia, siku ya soko na siku za mapumziko. Lakini siku chukudu inapoanza kutoka nyumbani saa moja ya asubuhi, saa ya darasa, haiko ya mtoto tena, ni ya mwenye deni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumpa kazi inayoharibu afya yake. Hatuileti hapa kwa kuwatisha. Tunaileta juu tuliivunja sisi wenyewe kwa mashauri yetu, tukiwa na nia nzuri.

Kwa ule kijana tuliyemtaja, halmashauri imekubali kitu kimoja, na tunaomba mkutano ukubali pia. Ushirika umalize deni lililobaki. Ile chukudu ifupishwe na fundi, iwekwe fre mpya, na ikae ya nyumbani. Yeye arudi darasani mwanzo wa mwaka wa masomo. Pesa hizo zitatoka kwa fungu letu la safari, sisi wenye kutoa mashauri. Mikutano miwili tutakuja kwa miguu.

Na mama aliyeuliza swali: usinunue bado. Siku ya soko ijayo, kuja na mtoto wako. Tutaenda pamoja kwa fundi, tuchore mstari chini ya mteremko. Mtoto mwenyewe atatuonyesha ipi ni yake.

Mwenye swali, anyoshe mkono.