Maana ya Neno "Distress"

(Mazungumzo mbele ya wanachama)



Mara nyingi tumeulizwa juu ya karatasi anayoletewa mpangaji aliyechelewa kulipa kodi ya nyumba. Karatasi hiyo ina neno "distress", na wengi wetu twadhani maana yake ni huzuni tu. Leo tutalieleza, kwa sababu mtu asiyelijua neno hutishwa nalo.

Neno hili lilitoka Ufaransa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na lugha yao, na kwa miaka mingi Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya sheria. Asili yake zaidi ni Kilatini, "distringere", yaani kukaza au kubana. Sisi nasi twasema "dhiki", neno la Kiarabu ambalo asili yake ni mahali pembamba, pa kubana. Hata neno "district" ni ndugu yake: lilikuwa eneo ambalo bwana ana amri ya kuwabana watu wake. Wazee waliopata kusimama mbele ya D.C. siku za ukoloni hawatashangaa.

Hapo kale mwenye ardhi alikamata ng'ombe wa mpangaji, akawafungia zizini wawe rehani mpaka deni lilipwe. Hakuwa na ruhusa ya kuwauza wala kuwatumia. Kusudi lilikuwa kumbana mdeni, si kumfilisi. Lakini wenye nguvu walizidisha, na ndiyo sababu mwaka 1267 ilitolewa sheria ya Marlborough, iliyokataza kukamata mali kupita kiasi cha deni.

Mwaka 1689 mambo yaligeuka. Bunge la Uingereza liliwapa wenye ardhi ruhusa ya kuuza mali waliyokamata, zikipita siku tano bila deni kulipwa. Rehani ikawa mnada. Ilikuwa mwaka 1888 ndipo sheria ya huko ilipomwachia mpangaji nguo zake, matandiko yake na vyombo vyake vya kazi, navyo visizidi thamani ya pauni tano.

Je, hayo yatuhusu nini? Wakati wa ukoloni sheria hiyo ililetwa Kenya, nayo ni Sura 293 katika vitabu vya sheria. Humo imeandikwa kwamba mwenye kudai kodi atakuwa na haki ile ile aliyopewa na sheria ya kale ya Uingereza. Waingereza wenyewe waliifuta haki hiyo tarehe 6 Aprili 2014. Tangu siku hiyo mwenye nyumba ya kukaa watu huko hawezi kukamata vyombo vya mpangaji kwa nguvu zake mwenyewe. Sharti aende mahakamani. Sisi tulipata Uhuru mwaka 1963, lakini neno la mabwana wa Kinormani lilibaki nyumbani kwetu.

Basi ndugu, tukumbuke mambo manne. Kwanza, "distress" ni kwa deni la kodi tu, si kwa deni la duka wala la rafiki. Pili, neno hili lahusu kukamata vyombo. Kumfungia mtu mlango kwa kufuli ni jambo jingine kabisa. Tatu, kwa sheria hiyo ya kale, vyombo havikamatwi usiku, wala mlango wa nje hauvunjwi. Nne, dalali sharti awe na leseni kwa sheria ya mwaka 1996. Mwombe akuonyeshe, tena uandike kila kitu kinachochukuliwa.

Deni ni deni, na hatusemi kodi isilipwe. Lakini fundi akinyang'anywa msumeno wake, au mshonaji cherehani yake, atalipa kwa nini? Yule aliyekamata ng'ombe wa kulimia alijua kwamba shamba halitalimwa. Anayepata karatasi kama hiyo asikae nayo peke yake kwa hofu. Ailete ofisini kwa Katibu siku ile ile, tuisome pamoja.

Umoja ni nguvu.