Geti la kijiji halitatupa fedha za watalii: maneno ya Katibu wa Tawi kwenye kikao cha wanachama

Ndugu wanachama,

Jumapili wengi hamkufika kikaoni kwa sababu ya kuvuna mpunga. Waliofika wameniomba niyaandike niliyosema ili kila mmoja ayasome kabla ya kura. Mwenyekiti alinipa dakika kumi na tano, nikatumia arobaini, naomba radhi kwake. Hapa nimepunguza.

Hoja iliyo mezani mnaijua. Kijiji kiweke geti barabarani, na kila gari la watalii linalopita Mto wa Mbu lilipe shilingi 10,000. Imeletwa na vijana wetu, na kwenye kundi imeungwa mkono na vidole gumba vingi kuliko tangazo lolote nililowahi kutuma, hata la misiba. *Mimi naipinga.* Naomba msome sababu zangu kabla ya kusema Katibu ameshanunuliwa na wenye loji.

Niseme kwanza kwamba hasira ya vijana ina msingi. Gari linatoka Arusha asubuhi, linapita Makuyuni, linapita hapa kwetu, linapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na Ngorongoro. Enzi za vumbi dereva alisimama, akaziba pancha, mgeni akanunua soda na kinyago. Lami ilipokuja tulishukuru, lakini lami hiyo hiyo ndiyo inayowapitisha mbio. Mwezi wa saba na wa nane ukikaa pale njia ya kuingia Hifadhi ya Manyara unahesabu magari mpaka unachoka, na jioni mfuko ni ule ule wa asubuhi.

Na wageni wapo. Mwaka 2020, mwaka wa korona, nchi ilipokea watalii wa kimataifa 620,867. Mwaka 2024 walikuwa 2,141,895, na mapato yake yalikuwa kama dola bilioni 3.9. Ukigawa kwa harakaharaka ni kama dola 1,800 kwa mgeni. Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo letu ni uchache wa watalii, simwelewi.

Sasa tulichambue hilo geti. Chukueni watu wanne wa familia moja kutoka nje, wanashuka bonde la Ngorongoro kwa gari moja. Kiingilio cha kila mtu mzima asiye mkazi ni dola 60, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 70.8. Wanne ni 283.2. Gari kushuka kreta ni dola 250, na VAT ni 295. Jumla dola 578.2, na bado hujaweka mafuta, dereva, chakula wala kitanda.

Najua mtakachosema, kwa sababu kijana mmoja alishakisema pale pale kikaoni: mtu anayelipa dola 578 atashindwaje elfu kumi? Mgeni hashindwi, ila mgeni siye atakayelipa. Safari hizi zinauzwa miezi mingi kabla, nyingine mwaka mzima, bei ikiwa imeshaandikwa kwenye mkataba na wakala wa Ulaya au Marekani. Ushuru unaozaliwa katikati ya msimu unatoka mfukoni mwa kampuni, na kampuni inajua pa kuufidia: posho ya dereva, au ile saa moja ya kusimama Mto wa Mbu kwa chakula cha mchana. Tutakuwa tumekusanya elfu kumi getini na kupoteza elfu themanini ya mama lishe.

Halafu tukiweka sisi, Makuyuni wataacha? Karatu wataacha? Kila mmoja atasema chake ni kidogo. Huo ndio ugonjwa wenyewe wa biashara nchi hii, kila ofisi kuona ada yake ni ndogo na hakuna anayejumlisha. Mwenye loji leo ana TRA, ana halmashauri, ana Wizara ya Maliasili kwa leseni ya utalii, ana OSHA, Zimamoto, NEMC, WCF, NSSF, bonde la maji, na akipiga muziki baa ana watu wa hakimiliki. Serikali yenyewe ilikiri, ndiyo maana 2018 ikaja na mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, huu tunaouita MKUMBI. Kuna kilichofanyika. Mwaka 2019, kwa mfano, shughuli za chakula zilitolewa TFDA zikapelekwa TBS, ili mtengeneza jamu asiwe na mabwana wawili. Lakini hatuwezi kulalamika kikaoni kwamba tozo ni nyingi, halafu ajenda inayofuata tukaongeza yetu.

Kisheria nalo liko wazi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Wilaya ya 1982 inaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, lakini hazitumiki mpaka halmashauri izipitishe. Na barabara ile siyo ya kijiji, iko chini ya TANROADS. Kijana wetu akisimama pale na kamba, wa kwanza kukamatwa ni yeye, siyo mimi niliyeandika muhtasari.

Baada ya kusema hivyo nikaulizwa: basi Katibu, fedha tuipateje? Hapo nililazimika kusimulia jambo linaloniaibisha, na nalirudia hapa kwa wasiokuwepo.

Mwaka juzi kikundi cha mbogamboga, ambacho mimi ndiye mweka hazina, kilipata oda ya loji moja ya jirani. Nyanya, spinachi, karoti, ndizi, mara mbili kwa wiki. Akina mama walijipanga vizuri na mzigo ulikuwa safi. Wiki ya tatu mhasibu wa loji akataka risiti ya EFD. Tukampa risiti ya kitabu, ile ya kununua dukani, nikaweka na muhuri. Akaikataa. Kikundi hakikuwa hata na TIN. Malipo ya wiki zile tatu yalitoka Desemba, tukiwa tumepeleka mzigo Agosti, na oda ikaenda kwa mfanyabiashara wa Arusha. Wako akina mama waliokopa mbegu kwa kutegemea hela ile. Mimi nina stashahada ya uhasibu, na TIN haiuzwi, inatolewa bure. Sikuishughulikia kwa sababu niliona tukijiandikisha tutaanza kusumbuliwa. Hayo ndiyo mawazo yaliyotugharimu.

Naomba mlielewe hesabu ya yule mhasibu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Kampuni inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Ikinunua nyanya za milioni moja bila risiti ya EFD, TRA hawaikubali kama gharama, wanaihesabu kama faida. Kampuni inalipa 300,000 juu ya nyanya zilizokwisha kuliwa. Kwa hiyo nyanya zetu za milioni moja kwake ni za milioni moja na laki tatu. Yule wa Arusha akiuza kwa milioni moja na laki moja na nusu, na risiti, yeye ndiye wa bei rahisi. Sisi tunaona gari la Arusha linapita na nyanya kuelekea loji zilizoko kwenye mashamba yetu, tunasema tunaonewa. Ni hesabu tu.

Na hofu ya kodi nayo tuipime kwa namba. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, kwa jedwali lililokuja na Sheria ya Fedha ya 2019, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000. Anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mama mwenye mauzo ya milioni 5 akiwa na daftari analipa 30,000. Bila daftari, laki. Chini ya milioni 4 halipi kitu. Viwango huguswa kila bajeti, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize ofisa wa TRA, lakini daftari la shilingi elfu mbili linalookoa 70,000 sijui biashara gani nyingine inalipa hivyo. Niko tayari kufundisha kulijaza, jioni yoyote, bure.

Mtu mmoja mmoja hatafikisha mauzo ya kumfanya anunue mashine ya EFD. Kikundi kitafikisha. Mzigo wa mashamba ishirini ukipita kwenye kikundi kimoja chenye TIN, akaunti ya benki na risiti, loji haina sababu ya kupiga simu Arusha. Na ndicho kikundi hicho kinachoweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Wenzetu wa kata nyingine wanaomba.

Mnajua madereva wanasimama wapi? Niliwauliza saba, siku tatu mfululizo. Hakuna aliyetaja vinyago. Wote walitaja choo. Wanasimama penye choo safi chenye maji na karatasi, na pa kuegesha kivulini. Tuna utalii wa utamaduni hapa tangu miaka ya 1990, mgeni anaendeshwa baiskeli mpaka kwenye migomba na mashamba ya mpunga, anaonja mbege, anakula wali kwa mama. Huyo anaacha fedha. Lakini ili ashuke kwenye gari lazima kuwe na sababu ya kushuka, na sababu ya kwanza, samahani wazee wangu, ni haja ndogo. Mkopo wa vijana ungejenga choo na banda la chakula kabla ya msimu ujao.

Jambo lingine ni fupi lakini lina hatari. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo kuongoza watalii, maduka ya vinyago na kununua mazao shambani. Nimesikia kuna watu wanatafuta mwanakijiji wa kumwandikia duka jina lake, apewe kidogo kwa mwezi. Raia anayesaidia hivyo faini yake ni milioni 5 au jela miezi mitatu. Mwanachama akinijia kwa ushauri nitamwambia hivi hivi, na akikamatwa tawi halitakwenda kumdhamini.

Sitaki mwondoke mkidhani nawabebesha mzigo wote nyinyi. Upande wa halmashauri kuna la kusema, na tutalisema kwa diwani wetu tukiwa na karatasi mkononi. Leseni na ada zinadaiwa kabla hujauza hata kikombe cha chai. Mwezi wa nne na wa tano mvua inanyesha, kambi nyingi zinafunga, mama lishe anauzia madereva wa malori tu, lakini mkusanya ushuru kalenda yake haijui mvua. Tunataka wenye biashara ndogo waruhusiwe kulipa kwa awamu, kubwa iangukie Julai hadi Oktoba. Tunataka wakaguzi waje siku moja pamoja, siyo leo huyu kesho yule, maana kila mmoja akija duka linafungwa nusu siku. Na tunataka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, usomewe halmashauri imekusanya kiasi gani kutoka loji zilizoko kwetu na kimerudi kiasi gani. Nikiisikia namba hiyo ndipo nitajua kama vijana wa geti walikuwa wanadai cha haki kwa njia isiyo sahihi. Nahisi ndivyo.

Kura ni Jumamosi saa nane mchana, ofisi ya tawi. Zitakuwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya geti, kama ilivyoletwa na vijana, na watapewa nafasi ya kuitetea kabla yangu. Ya pili ni yangu: tawi lihamasishe kikundi kimoja cha wauzaji wa mazao na chakula kijiandikishe, kisicho cha chama, mwanakijiji yeyote aingie hata kama kadi yake ni ya rangi nyingine, na tupeleke madai hayo matatu kwa diwani kwa maandishi. Kikundi kikikubaliwa, kisinichague mimi mweka hazina. Wako mabinti wawili waliomaliza chuo mwaka huu wanaojua mifumo ya kompyuta kuliko mimi.

Wenye namba za NIDA waje na nakala, mafomu ya TIN tutayajaza siku hiyo hiyo baada ya kura. Wasionazo waje pia. Mama Mwenyekiti wa wanawake ameahidi chai, sukari tunachangia.

Imetolewa na Katibu wa Tawi.
Tafadhali usikate ujumbe huu unapousambaza.